Kadari Haifuti Haki: Maneno kwa Aliyejeruhiwa na Lori

Barabara kuu itokayo Moshi kwenda Arusha hupita katikati ya Maji ya Chai, nayo haina usingizi mchana wala usiku. Malori hupita yakiwa yamebeba saruji, nondo, mahindi, mafuta na makasha ya bandarini kutoka Tanga na Dar es Salaam. Mengine huishia Arusha, mengine huendelea hadi Namanga na kuingia Kenya. Kandokando ya malori hayo ndiko waliko akina mama wenye mikungu ya ndizi, vijana wa bodaboda, watoto waendao madrasa na juzuu zao kifuani, na mzee aswagaye ng'ombe wake wawili. Kazi ya kupanua barabara iliyoanzia Sakina ilipokamilika, njia nne zilikoma Tengeru. Huku mbele lori la tani nyingi na baiskeli vikaachwa vigawane njia ile ile moja.

Ajali inapotokea, katika matanga na katika wodi za hospitali twasikia neno moja likikaririwa: "Ni kazi ya Mungu, tusimwandame mtu." Sehemu ya kwanza ya neno hilo ni itikadi yetu, wala hapana Muislamu aikanaye. Lakini sehemu ya pili imetoka wapi? Haikutoka katika Qurani wala katika Hadithi. Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.), alipokuwa njiani kwenda Sham akapata khabari ya tauni, aliugeuza msafara wake. Abu Ubaida akamwuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu, naye akamjibu kwamba anaikimbia kadari moja ya Mungu na kuiendea nyingine. Hivyo ndivyo Masahaba walivyoifahamu kadari. Ni faraja ya moyo wa aliyepatwa. Si ngao ya kumkinga aliyetenda.

Wakazi wa Arusha hawajaisahau jioni ya Jumamosi tarehe 24 Februari 2024, pale Kibaoni, Ngaramtoni, katika barabara ya Namanga, upande wa pili wa mlima wetu. Lori lilikosa breki likayagonga magari mengine, wakafa watu 25, na wengine wengi wakajeruhiwa. Kila ajali ya namna hii husemwa kwamba "breki zilifeli," kana kwamba breki ni upepo, huja na kuondoka upendavyo. Breki ni chuma na mipira na hewa iliyobanwa. Ina mtu aliyepaswa kuikagua kabla ya safari, na mtu aliyepaswa kutoa fedha ya kuitengeneza. Wanavyuoni wa Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, walipokutana Bandar Seri Begawan huko Brunei mwezi wa Juni 1993, waliamua kwamba kuzitii kanuni za barabarani zisizopingana na Sharia ni wajibu wa kidini, na kwamba dereva ni mdhamini wa madhara ayafanyayo kwa chombo chake, katika miili ya watu na katika mali zao. Husamehewa tu pale linapomjia jambo la nguvu asiloweza kulizuia wala kujikinga nalo, au inapokuwa sababu yenye nguvu ni tendo la mwenyewe aliyeumia au la mtu mwingine. Mwenye kuteremka mlima kwa breki mbovu aliyokwisha kuambiwa kuwa ni mbovu, sisi hatuoni ni wapi atakapojificha katika hayo.

Basi tuseme jambo limekwisha kutokea. Mtu amelala kandokando ya lami, vumbi bado halijatua. Afanye nini, na jamaa zake wafanye nini?

Kwanza uhai. Wale waliosalimika wasikusanyike katikati ya njia, maana mara nyingi gari la pili ndilo liuwalo waliokuja kuokoa. Wakate matawi wayaweke barabarani kwa mbali, pande zote mbili, kama ilivyo desturi yetu. Na shughuli ikiisha wayaondoe wao wenyewe. Tumechoshwa na mawe na matawi yaachwayo barabarani baada ya lori kuondoka, ilhali Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kwamba kuondosha udhia njiani ni tawi la imani. Polisi huitwa kwa namba 112, na Zimamoto na Uokoaji kwa namba 114.

Majeruhi asivutwe mikono na miguu kutolewa ndani ya gari, ila kama pana moto au khatari nyingine iliyo mbele ya macho. Huenda uti wa mgongo umeumia, na mkono wa huruma ukawa ndio utakaompoozesha. Damu inayotoka kwa wingi ikandamizwe kwa kitambaa safi, kwa nguvu, bila ya kufunuafunua ili kuangalia kama imekoma. Asipewe maji wala chai, ajapoomba, kwani yumkini atapelekwa kwenye upasuaji. Aliyezimia naye anapumua alazwe ubavu, kichwa na shingo na mwili vikigeuzwa pamoja kama gogo moja, asije akasongwa na matapishi. Wala asipakiwe juu ya bodaboda katikati ya watu wawili, jambo ambalo twaliona likifanywa kwa nia njema kabisa.

Lori likiwa ni la mafuta, shauri ni moja: kukimbia, na kuwakataza wengine wasisogee. Tarehe 10 Agosti 2019, katika siku zile za Dhul-Hijja, lori la mafuta lilianguka Msamvu, Morogoro. Watu wakalizunguka na madumu, moto ukalipuka, na waliokufa wakapita 100. Kabla ya hapo ilikuwa Sachangwan, karibu na Molo nchini Kenya, tarehe 31 Januari 2009, na Sange katika Kivu Kusini mwezi wa Julai 2010. Hatuwahukumu waliokufa, wao wamekwisha kufika kwa Mola wao, na umaskini ni mwalimu mkali. Twawaambia walio hai, khasa vijana: petroli iliyomwagika ni mali ya mtu, na mvuke wake hautazami nia ya mwenye dumu.

Pana majeruhi mmoja ambaye watu humsahau, naye ni yule aliyesimama akajipangusa vumbi akasema, "Mimi mzima, alhamdulillahi." Uzito wa lori si uzito wa gari dogo. Wengu au ini huweza kupasuka na damu ikavuja tumboni polepole, mtu akawa anazungumza saa nzima kisha akaanguka. Vivyo hivyo aliyegongwa kichwa: hupoteza fahamu kidogo, akazinduka akaonekana yu salama, na usiku akalala asiamke. Kwa hiyo kila aliyekuwamo katika ajali apimwe siku ile ile. Kutoka Maji ya Chai, Hospitali ya Wilaya ya Meru iko Tengeru, na Nkoaranga iko mlimani juu ya Usa River. Mwenye kuvunjika vibaya au kuumia kichwa hupelekwa Mount Meru mjini Arusha, au KCMC kule Moshi. Mwenye jeraha la wazi aulize sindano ya pepopunda. Na maumivu ya tumbo, kutapika, kusinzia kusikokuwa kwa kawaida, au ganzi ya miguu ikitokea baadae, arudishwe hospitali hata kama ni usiku wa manane. Mtume (s.a.w.) aliamrisha watu wajitibu; kukaa nyumbani na mafuta ya kuchua peke yake si tawakkul.

Kisha huja swali la ibada, nalo twaulizwa mara nyingi. Mgonjwa ana bandeji, ana plasta ya mguu, hawezi kusimama, nguo ina damu. Je, sala imemwondokea? Haikumwondokea, lakini imerahisishwa sana. Ataosha viungo vilivyo vizima na kupangusa juu ya bandeji au plasta. Na akiwa maji yanamdhuru, atatayamamu. Atasali kwa kukaa. Asipoweza, kwa ubavu. Asipoweza, kwa ishara. Saumu ya Ramadhani ataiweka mpaka apone. Jabir (r.a.) amesimulia khabari ya mtu aliyepasuliwa kichwa na jiwe safarini, kisha akapatwa na janaba. Akawauliza wenziwe kama ana rukhsa ya kutayamamu, wakamwambia hana. Akaoga, akafa. Mtume (s.a.w.) aliposikia aliwalaumu lawama kali, akawahesabu kuwa wao ndio waliomwua, kwa kuwa walijibu wasilolijua. Wanaokwenda kuzuru wagonjwa wakawatia khofu kwa fatwa za mlangoni na waizingatie hadithi hiyo. Na damu ya kuongezewa, mwenye dharura huipokea, na mwenye afya aliyeitoa ameshiriki katika kuihuisha nafsi, kama ilivyo maana ya Sura ya Al-Maida, aya ya 32.

Sasa twafika mahali ambapo haki za watu wetu hupotea, nako ni kwenye karatasi.

Polisi hutoa fomu iitwayo PF3 kwa ajili ya matibabu ya aliyejeruhiwa. Aliye mahututi hapaswi kuingojea. Atibiwe kwanza, na jamaa mmoja aende kituoni kuichukua baadae. Lakini ichukuliwe, maana ndiyo ushahidi wa daktari juu ya ukubwa wa jeraha, na asiye nayo atahangaika sana mbele ya bima na mahakama. Askari wa usalama barabarani hupima mahali pa ajali na kuchora ramani yake, kisha hutayarisha taarifa ya ajali na ya ukaguzi wa gari. Jamaa waulize namba ya jalada la kesi, waiandike, na waulize tena kila baada ya muda limefikia wapi.

Pale pale barabarani, mtu mwenye utulivu apige picha na kuandika namba za lori. Tumesema namba kwa wingi, kwa sababu kichwa cha lori kina namba yake na tela lina namba yake, na huenda kila kimoja kina mwenyewe na bima yake. Aandike jina la kampuni lililo mlangoni, na stika ya bima. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, yaani TIRA, ina mfumo ambao kwao mtu aweza kuhakikisha kama bima ya gari ingali hai. Lori likiwa la nchi jirani, huenda lina kadi ya manjano ya COMESA, ambayo Tanzania inaitambua ingawa ilijitoa katika jumuiya yenyewe. Achukue majina na simu za mashahidi wawili watatu kabla hawajatawanyika. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Sura ya Al-Baqara kuuandika mkopo na kuuwekea mashahidi. Basi ni nani atakayeona uzito kuandika habari ya mguu uliokatika? Stakabadhi zote zitiwe katika bahasha moja: za dawa, za picha za eksirei, za nauli ya kwenda kliniki, na barua ya mwajiri juu ya siku za kazi zilizopotea.

Na huja siku, pengine ya tatu au ya nne, ambapo mjumbe hubisha hodi. Huja na mchele, sukari na bahasha, na maneno matamu ya pole. Hayo twayashukuru, na mgeni apewe chai. Lakini baada ya chai hutoa karatasi ya kutiwa sahihi, iliyoandikwa kwamba familia imeridhika na haina dai tena. Hapa ndipo tunapowasihi wasomaji wetu: msitie sahihi wala dole gumba siku hiyo. Mgonjwa bado yuko kitandani. Hakuna ajuaye kama atatembea. Sulhu ni jambo jema katika dini, na kusamehe kuna daraja kubwa, lakini msamaha ni wa yule ajuaye anachokisamehe. Mwenye kusamehe mguu wake akidhani umeteguka tu, na kumbe utakatwa, huyo hakusamehe, amepunjwa. Anayetaka sulhu ya kweli na aje tena baada ya daktari kuandika, waketi mbele ya watu wazima wa pande zote mbili na mtu ajuaye sheria.

Sheria ya nchi iko upande wa majeruhi kuliko wengi wanavyodhani. Gari lolote haliruhusiwi kutembea barabarani bila ya bima ya kuwalipa watu wengine, ile iitwayo bima ya mtu wa tatu. Aliyegongwa si yeye aliyeinunua. Mkataba ni wa mwenye gari na kampuni yake. Najua wako wanaosita, kwa kuwa wanavyuoni wamekhitilafiana juu ya bima za biashara. Sisi twaona kwamba khitilafu hiyo yamhusu afanyaye mkataba. Aliyevunjwa mbavu anadai dhamana ya madhara, na dhamana ni jambo la kale katika fiqhi. Tena wanawake wawili wa kabila la Hudhail walipogombana, mmoja akamrushia mwenziwe jiwe akamwua pamoja na mimba yake, Mtume (s.a.w.) aliipasisha diya juu ya aqila, yaani jamaa wa ukoo wa mwenye kosa, wabebe mzigo huo pamoja. Maana yake ni kwamba uhai wa mtu usipotee bure kwa sababu mkosa hana kitu mfukoni.

Kampuni ya bima aghalabu hutaka kuona karatasi za polisi, na hati za kesi ya barabarani dhidi ya dereva, na ndiyo maana tumehimiza jalada lifuatiliwe. Ikikataa au ikichelewesha bila sababu, pana Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na mahakama. Muda wa kushitaki madai ya madhara kama haya ni miaka 3 tangu siku ya tukio; nayo hupita upesi kwa mtu ashindaye kliniki. Lori likiwa la serikali, notisi ya siku 90 hutangulia kabla ya kushitaki. Utingo au dereva aliyeumia kazini ana mlango wa pekee, nao ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi uliotokana na sheria ya mwaka 2008, na taarifa yake isipite miezi 12. Wale wanaodandia juu ya shehena kwa nauli ya kienyeji wajue kwamba mlango wao ni mwembamba, kwani gari la mizigo halikukatiwa bima ya abiria. Asiye na fedha ya wakili aulize msaada wa kisheria, ambao una sheria yake tangu mwaka 2017.

Katika kudai haki, ulimi uwe wa kweli. Aya ya 135 ya Sura An-Nisaa yatutaka tushuhudie uadilifu hata kama ni juu ya nafsi zetu na wazazi wetu. Kama kijana wa bodaboda aliingia barabarani bila kutazama, isemwe hivyo. Tumesikia watu ambao hawakuwamo katika ajali wakijiandikisha majeruhi ili wapate fungu. Hiyo ni haramu iliyo wazi, nayo huwaharibia walioumia kweli.

Na dereva je? Dereva asipigwe. Wengi wao hutoroka mahali pa ajali kwa kuogopa mawe na moto wa watu wenye hasira, na majeruhi ambao wangesaidiwa wakaachwa. Apelekwe polisi akiwa hai. Kama ni Muislamu na ameua kwa kosa lake bila ya kukusudia, ana hesabu nyingine isiyolipwa na bima yoyote. Sura An-Nisaa, aya ya 92, imetaja diya kwa jamaa wa maiti, ila wakiisamehe wao wenyewe, na kafara, ambayo katika zama hizi zisizo na watumwa ni kufunga miezi 2 mfululizo. Tajiri wa lori hawezi kumfungia.

Lililobaki ni la wale ambao mtu wao hakurudi. Fidia ikilipwa, nyumba hujaa wajomba na ami. Sayyidna Umar mwenyewe hapo mwanzo aliona kwamba mke harithi katika diya ya mumewe, mpaka Dhahhak bin Sufyan alipomwarifu kwamba Mtume (s.a.w.) alimwandikia ampe mke wa Ashyam Adh-Dhibabi fungu lake katika diya ya mumewe. Umar akaiacha rai yake papo hapo. Kwa hiyo diya hugawanywa kama mali nyingine ya marehemu: mjane ana thumuni ikiwa marehemu ameacha mtoto, na robo ikiwa hakuacha. Na fidia ambayo sheria ya nchi imeitaja kwa wategemezi, ipokewe kwa majina yao. Familia imteue msimamizi wa mirathi katika Mahakama ya Mwanzo kabla fedha haijafika, fungu la watoto liwekwe benki kwa majina yao, na kila shilingi itolewayo kwa ada ya shule na chakula iandikwe katika daftari ambalo mama yao anaweza kulifungua wakati wowote.